Kupokezana Pumzi

Msikilizaji aliyeketi ukumbini huamini kwamba kwaya inapoishikilia noti moja kwa muda mrefu, kuna mapafu makubwa yanayoifanya kazi hiyo. Hayapo. Wapo watu wa kawaida, baadhi yao wanene na baadhi yao wenye mafua, ambao wamekubaliana kumdanganya. Kila mmoja huiba pumzi wakati jirani yake bado anaimba, kisha hurudi polepole kabla jirani huyo hajaishiwa. Wenyewe huita jambo hilo kupokezana pumzi, na lina sharti moja tu: usivute pumzi pamoja na mwenzako. Ili kulitimiza inakubidi umsikilize mwenzako kuliko unavyojisikiliza mwenyewe, na ujue kwamba anakaribia kuishiwa kabla yeye hajajua. Ni udanganyifu unaodai uangalifu mkubwa, na pengine ndiyo sababu watu wanaoufanya kwa miaka mingi huishia kuuita upendo.

Mfamasia aliuita hivyo, ingawa si kwa sauti. Alikuwa mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe mapema, bila mtoto, na duka lake la dawa lilikuwa kwenye mtaa wa wauza vitambaa, baina ya kinyozi na fundi wa redio. Nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi alikuwa na rafu nyingine, ya vitabu, na wateja wa asubuhi walizoea kumkuta akiweka kidole kwenye ukurasa kabla ya kuwauliza shida yao. Kuuliza ndiyo kazi aliyoijua. Unakohoa tangu lini? Kikavu, au kinatoa makohozi? Usiku unatoka jasho? Nguo zimeanza kukupwaya? Aliyauliza maswali hayo kwa kila aliyeingia akikohoa, na wengi waliokuja kununua vidonge vya kumung'unya walitoka na amri ya kwenda hospitali kupigwa picha ya kifua, wakinung'unika kwamba walifuata dawa na wamepewa hofu.

Kazi hiyo ilimpa nadharia. Watu, alisema, huzungumza ili kujificha. Mtu hukueleza habari za kichwa wakati kinachomsumbua kiko kwingine kabisa, na ukimdadisi hukupa hadithi nyingine, nzuri zaidi. Mahali pekee ambapo binadamu hana namna ya kumficha mwenzake kitu, kwa mujibu wa Mfamasia, ni ndani ya sanaa: watu wawili waliosimama bega kwa bega katika wimbo mmoja wamekwisha kuambiana yote, na neno lolote litakaloongezwa juu yake ni takataka. Ni nadharia nzuri. Imeandikwa na watu wengi wenye akili kumzidi yeye, na wengi wao, ukiyachunguza maisha yao, walikufa wakiwa wamegombana na jamaa zao.

Kwaya ya mji ilifanya mazoezi jioni katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli, wenye viti vya kukunja, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na piano ambayo funguo zake za juu zilikuwa zimekufa, hivyo sauti ya kwanza iliimba sehemu zake za juu kabisa kwa imani tu. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwanamke mfupi mwenye sikio ambalo hakuna aliyelipenda. Aliweza kumtoa mtu mmoja katika kundi zima na kumwambia, mbele ya wote, kwamba ana tonsili, aende kwa daktari na arudi akipona. Kwa kawaida alikuwa nazo.

Upande wa besi, kulia kwa Mfamasia, alisimama Mpima. Alikuwa mpima ardhi wa serikali, mtu mrefu, ambaye jua lilikuwa limemchoma mpaka kwenye mstari wa kofia na kumwachia paji la uso lililoonekana kama la mtu mwingine. Besi nyingine zilikuwa mzee mmoja aliyeimba akiwa nusu usingizini, na bwana mmoja aliyehudhuria pale tu mkewe alipomchoka nyumbani. Noti ndefu zote, kwa hiyo, zilikuwa za hawa wawili, na walikuwa wamefika mahali ambapo hata wao hawakuweza kusema mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Wanakwaya waliwaita Pacha. Muuza vitambaa mmoja wa sauti ya pili, mwanamke mwenye mdomo, alisema siku mabwana hawa wakigombana kwaya nzima itakufa kwa kukosa hewa.

Hawakugombana, kwa sababu hawakuzungumza. Baada ya mazoezi walitembea pamoja mpaka njia panda penye fundi wa matairi, ambapo mmoja alipinda na mwingine akaendelea. Hapo mwanzoni Mpima alijaribu kuyajaza matembezi hayo. Alizungumzia mitaro iliyoziba, bei ya saruji, na mkubwa wake wa kazi ambaye alikuwa na shemeji wengi na kila mmoja wao alikuwa na kiwanja. Mfamasia alimjibu kwa miguno ya heshima. Polepole Mpima akaelewa, au akadhani ameelewa, kwamba hivi ndivyo wanavyofanya watu wa muziki, akanyamaza. Tangu hapo ukimya ukawa desturi yao. Kwenye njia panda walishikana mikono. "Haya, bwana." "Haya." Mfamasia aliyahesabu hayo kuwa mazungumzo bora kabisa aliyoyapata katika wiki.

Dada yake mkubwa, aliyekaa kwenye meza ya malipo dukani na kutoa ushauri ambao haukuombwa, hakuwa na subira na mambo hayo. Alitaka kujua huyo Mpima ana watoto wangapi. Mfamasia hakujua. Mkewe ni mtu wa wapi? Hakuwahi kuuliza. Anakaa nyumba yake au ya kupanga? Hilo nalo halikuwahi kujitokeza.

"Sasa mdogo wangu, mnajuana nini?"

Alimweleza. Alijua siku Mpima alipokuwa na hasira, kwa sababu pumzi ilikaa juu, karibu na shingo. Alijua siku alipolala vibaya, siku alipopata habari njema, siku alipokula kupita kiasi. Alijua, alisema, mambo ambayo hata mke wa mtu hayajui.

"Fundi wa pikipiki naye anayajua hayo," dada yake alisema, "na bado pikipiki si ndugu yake."

Mfamasia alirudi kwenye kitabu chake. Alimhurumia dada yake kwa dhati, kama anavyohurumiwa mtu aliyezaliwa bila uwezo wa kuonja ladha.

Mwaka ule Mwalimu alichagua ombolezo. Maneno yake yalikuwa machache, na karibu yote yalikuwa ya wanawake; chini ya sauti zote, tangu mwanzo mpaka mwisho, besi zilishika noti moja ya chini isiyokatika. Mwalimu aliwaambia kwamba wao ni ardhi, na ardhi haipumui. Siku akiisikia inapumua, ataondoka. Mpima alisema ardhi anaijua vizuri, na kwa uzoefu wake haipumui tu bali hutembea pia, hasa mkubwa wa kazi akiwa na ndugu anayejenga. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa Mwalimu, na Mfamasia, ambaye aliona kwamba mzaha ule umeushusha wimbo kabla haujaanza.

Ilikuwa katika mazoezi ya ombolezo hilo ndipo alipoanza kusikia.

Kwanza ilikuwa tofauti ndogo: Mpima alivuta pumzi mapema kuliko zamu yake. Mfamasia, ambaye naye alikuwa karibu kuvuta, alijizuia, akaibeba noti peke yake mpaka mwenzake aliporudi. Wiki zilizofuata hali ilizidi. Zamu za Mpima zikawa fupi, na uvutaji wenyewe ukaingiwa na mkwaruzo, kama kitambaa kinaponasa kwenye msumari. Mfamasia alirefusha zamu zake. Asubuhi, akihesabu vidonge na kuvitia kwenye vifuko, alijizoeza kushikilia pumzi, mpaka dada yake akamwuliza ni nani aliyemuudhi. Akaacha kula kabla ya mazoezi. Akajikaza kisabuni mpaka masikio yakamvuma. Noti haikukatika.

Inafaa kueleza alichofikiri wakati huo, kwa kuwa hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Angeingia dukani mtu yeyote mwenye mkwaruzo ule, asingemuuzia hata peremende kabla ya kumhoji. Lakini mkwaruzo huu haukuingia kwa mlango wa duka. Uliingia kwa njia ya wimbo, na kila kilichopita njia hiyo Mfamasia alikipokea kama sehemu ya wimbo: tatizo la kuimba, la kutatuliwa kwa kuimba. Mwenzake amepungukiwa, naye anamwongezea. Ukaribu gani unaushinda huo? Aliamini kwamba Mpima anajua kuwa yeye anajua, na kwamba wote wawili wanaona haya kulitaja kwa maneno jambo lenye heshima namna ile. Hakuwahi kuwa na furaha kama katika miezi hiyo.

Mwalimu, pamoja na sikio lake, hakusikia chochote. Angelisikia pengo, angemtoa Mpima mstarini siku hiyo hiyo na kumtuma kwa daktari, kama alivyowatuma wenye tonsili. Lakini pengo halikuwapo. Mfamasia alikuwa amelijaza.

Jioni moja, walipofika njia panda, Mpima alisimama. Fundi wa matairi alikuwa akizamisha mpira kwenye karai la maji kutafuta palipotoboka, na Mpima alimtazama kwa muda, kama mtu aliyevutiwa na kazi ile.

"Bwana," alisema, "kuna jambo nilitaka kukuuliza. Si la kuimba."

Mfamasia aliinua mkono, kwa upole. Walikuwa wametoka kuliimba ombolezo lote kwa mara ya kwanza bila kusimamishwa, na noti ilikuwa bado ikimvuma kifuani.

"Leo tumefika mbali," alisema. "Tusiharibu kwa maneno."

Mpima alimtazama, akatabasamu, akakohoa kwenye kiwiko. "Haya, bwana," alisema. Hakulirudia tena.

Siku ya onyesho watu walijaa mpaka wengine wakasimama milangoni. Haifai kujaribu kuusifu wimbo kwa maandishi. Kila anayejaribu huishia kuzungumzia upepo na mawimbi. Itoshe kusema kwamba watu wazima walilia, wakiwamo waume walioburutwa na wake zao, na kwamba katikati ya giza wengine walishika mikono ya watu wasiowajua, kisha taa zilipowashwa wakaiachia na kuanza kutafuta funguo mifukoni. Karibu na mwisho, noti ya besi ilipobaki peke yake, Mpima alimshika Mfamasia mkono wa koti, akang'ang'ania. Mfamasia alivihisi vidole vile na machozi yakamtoka. Aliishikilia noti kwa niaba ya wawili, kwa muda ambao hakuwahi kuufikia na hakuja kuufikia tena, na mkono ule haukumwachia mpaka makofi yalipopamba moto.

Nyumbani alimwambia dada yake kwamba hatimaye yeye na Mpima wameambiana kila kitu. Dada yake akauliza wameambiana nini. Alisema hakuna neno lililosemwa. Dada yake alimsogezea sahani, akasema hata marehemu mumewe alikuwa hivyo hivyo, mtu wa ukimya mzito, na ilimchukua miaka kugundua kwamba hakuwa akifikiri chochote.

Mazoezi yaliyofuata Mpima hakuja, wala yaliyofuata hayo. Muuza vitambaa ndiye aliyeleta habari dukani: amelazwa. Alianguka kazini akiwa na darubini ya kupimia begani. Amepigwa picha ya mapafu, na madaktari wamekasirika, kama wanavyokasirika wanapoletewa mtu aliyechelewa.

Mfamasia alikwenda mchana huo huo. Wodi ilikuwa na madirisha marefu yaliyopakwa rangi mpaka nusu, na mtungi wa oksijeni uliobanduka rangi ulisimama kando ya kitanda kama mgeni aliyefika mapema. Mpima alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Alisema mkewe amekwenda kufuata nguo safi. Alizungumza kwa vipande, akisimama katikati ya sentensi kungoja hewa, na Mfamasia, kwa mazoea, alijikuta akiizuia pumzi yake kila mwenzake alipovuta, kana kwamba ingemsaidia. Alivuta kiti akaketi. Alikusudia wakae kimya, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa. Mpima ndiye aliyekataa.

"Ulikuwa unasikia," alisema.

"Nilikuwa nasikia."

"Tangu lini?"

Lilikuwa swali la kaunta, na Mfamasia alilijibu kama wateja wanavyolijibu, akitazama sakafu. "Tangu tulipoanza ombolezo."

Mpima aliitikia kwa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu anayelinganisha vipimo viwili na kukuta vinakubaliana.

"Mke wangu aliniambia niende hospitali," alisema. "Nikamwambia, kule kwenye kwaya nasimama na mtu wa dawa. Sikio lake liko hapa." Akagusa bega. "Ingekuwa kitu kikubwa, yule angesema." Akangoja hewa. "Siku ile nilitaka kukuuliza. Ulivyokataa, nikafurahi. Nikasema, basi. Anajua, na si kitu."

Mfamasia alitafuta la kusema. Kati ya vitabu vyote alivyosoma hakupata ila hili: "Nilidhani unajua kwamba najua."

"Nilijua," Mpima alisema. "Ndiyo maana sikwenda."

Kisha, kwa kuwa alikuwa muungwana, alimwuliza habari za duka. Mfamasia alimweleza kwa kirefu, kwa mara ya kwanza: mzigo uliochelewa, friji ya chanjo inayosumbua, mteja aliyerudisha dawa za minyoo akidai hazina minyoo. Mpima alicheka, na kicheko kikamgharimu, lakini alimfanyia ishara aendelee. Waliendelea mpaka muuguzi alipokuja kumtoa Mfamasia. Yalikuwa ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, na sehemu kubwa yalihusu minyoo. Mfamasia aliporudi mara ya pili, Mpima alikuwa hawezi tena kusema. Alifariki kabla mwezi haujaisha.

Mkewe alikuja dukani siku iliyofuata, katika saa zile za joto ambapo mtaa mzima hukaa chini. Mfamasia hakumtambua. Alimwona mwanamke mwenye macho yaliyovimba, akageuka kutafuta dawa ya macho, na ilibidi mgeni ajitambulishe. Dada yake Mfamasia alitoka kwenye meza ya malipo, akampa pole, akamvutia kiti, na baada ya kuwatazama wote wawili akaenda chumba cha nyuma kupanga maboksi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa hiari.

Mjane alisema amekuja na ombi. Kwenye mazishi atahitajika mtu wa kusema machache kwa niaba ya marafiki, na miaka yote mumewe alikuwa akisema kwamba mtu wake wa karibu ni bwana wa dawa. Ndugu walipendekeza wengine. Yeye alikataa, akawaambia kwanza atamwona shemeji. Hakuna aliyewahi kumwita Mfamasia hivyo kutoka upande ule, naye hakujua neno hilo aliweke wapi.

"Lakini kuna kitu hakiniachi nilale," mjane alisema. "Nilimwambia aende hospitali. Akanijibu ingekuwa kitu kikubwa wewe ungemwambia. Nikanyamaza. Sasa nataka unitoe wasiwasi, shemeji. Wewe hukusikia kitu?"

Jibu jepesi lilikuwapo. Angesema hakusikia, mjane angepata nafuu ya kuamini kwamba hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kujua, na kunyamaza kwake kusingekuwa na uzito wowote. Naye Mfamasia angesimama mbele ya watu na kuuzungumzia urafiki usiohitaji maneno. Hotuba ile ilikuwa tayari kichwani mwake. Alikuwa ameitunga kwa miaka bila kujijua, na ilikuwa nzuri.

"Nilisikia," alisema.

Akamweleza. Alimweleza jinsi zamu zilivyofupika, na mkwaruzo, na jinsi alivyoliziba pengo ili Mwalimu asilisikie. Alimweleza habari ya njia panda na mkono alioinua. Nadharia yake aliiacha nje. Alipoitafuta katika maelezo hayo hakuona pa kuiingiza. Mjane alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Maelezo yalipokwisha alikaa kimya kwa muda, na Mfamasia akatamani, kwa nguvu iliyomshangaza, kwamba mtu aseme kitu.

"Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja," mjane alisema, "kikohozi nilikisikia, huo mkwaruzo sikuusikia. Kwa hiyo wewe ulikuwa karibu naye kuliko mimi." Akamtazama. "Na ukaribu huo umetufaa nini?"

Hapakuwa na ukali katika swali hilo. Alitaka kujua. Mfamasia hakuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza hakujidanganya kwamba kimya chake ni jibu.

Mjane alipoanza tena, alizungumza kama mtu anayefungasha vyombo vya nyumba anayohama. Mumewe, alisema, wala hakuwa mtu wa muziki. Kazi yake ilikuwa ya kushinda porini na watu waliosimama mbali, wakipigiana kelele, na alitaka angalau jioni akae karibu na binadamu. Kwaya ilikuwa jirani, akajiunga. Ombolezo hakulipenda hata kidogo. Alisema ni kama kupandisha gunia ghorofani huku watu wengine wakilia juu ya ngazi. Na hata kabla ya ombolezo, mwaka uliopita, alikuwa amekata shauri kuacha.

"Kilichomrudisha ni wewe. Alisema, nikiondoka yule bwana atabaki peke yake. Ni mzito wa kuongea, alisema, lakini atazoea, iko siku atapinda na mimi pale njia panda aje kula kwetu. Siku za mazoezi aliniambia nizidishe chakula."

"Na ulizidisha?"

"Nilizidisha. Watoto walikimaliza."

"Mna watoto wangapi?" Mfamasia aliuliza.

Mjane alimtazama kwa muda mrefu. Yote mengine aliyoambiwa mchana ule alikuwa ameyastahimili. Ni swali hili lililomfikisha mwisho.

"Watatu," alisema, akasimama. Alisema kuhusu yale maneno ya mazishi asijisumbue, ndugu watatafuta mtu. Kwaya inakaribishwa kuimba, ila si wimbo ule. Alimshukuru kwa kumwambia ukweli, kwa sauti ya mtu anayeshukuru kwa dawa chungu ambayo hana hakika kama ndiyo aliyoihitaji, akatoka kwenye jua. Dada yake Mfamasia alirudi mezani kwake. Alikuwa amesikia yote, na kwa kuwa alimpenda mdogo wake, hakusema chochote; na yeye, ambaye zamani angeuthamini ukimya huo, aliona kwamba ameachwa peke yake.

Siku ya mazishi viti vilipangwa uani, chini ya turubai. Kaka wa marehemu alisimama langoni kuwapokea watu na kuwaelekeza pa kukaa: ndugu mbele, wa kazini upande huu, majirani upande ule. Alimwuliza Mfamasia, kwa adabu, yeye ni nani kwa marehemu.

"Tulikuwa tunaimba pamoja."

"Wanakwaya kule nyuma, bwana, karibu na ukuta."

Aliyesema kwa niaba ya marafiki alikuwa mpima mwenzake, mtu mnene mwenye sauti mbaya, aliyeshika kipaza sauti kama anayeshika samaki hai. Alisema marehemu aliwaogopa mbwa kuliko alivyoogopa wakubwa, na kwamba katika ramani za mji huu kuna mpaka uliopinda bila sababu yoyote ya kitaalamu, isipokuwa kwamba siku ile mbwa alikuwa hajafungwa. Watu walicheka, na mjane miongoni mwao, kiganja kikiwa mdomoni. Alisema marehemu hakujua kuendesha baiskeli mpaka ukubwani, na aliyemfundisha ni binti yake wa mwisho, aliyekimbia nyuma akimshikilia kiti na kumgombeza. Msichana mmoja wa safu ya mbele aliinamisha kichwa, na mabega yake, yaliyoanza kutikisika, yalikuwa mapana kama ya baba yake. Mfamasia aliyatambua. Alisikiliza kila neno kwa makini yale yale aliyoyatumia miaka yote, na kila neno lilikuwa jipya kwake.

Muuza vitambaa, aliyeketi kando yake, alimwegemea. "Ya mbwa ulikuwa unayajua, wewe?"

Mfamasia alisema hapana. Akamwuliza kama yeye aliyajua.

Muuza vitambaa alisema kila mtu kwenye kwaya aliyajua. Mpima alikuwa akiwasimulia wakati wa mapumziko, Mfamasia anapokuwa nje kwenye veranda akiipumzisha sauti, na mara nyingine Mpima alikuwa akichungulia mlangoni kuona kama mwenzake anakuja kujiunga nao. Ya mbwa yalikuwa madogo. Ya mkubwa wake na shemeji zake ndiyo yalikuwa kiboko. Akaanza kuyahadithia, kwa mnong'ono, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kikikoroma, Mfamasia alimwinamia karibu zaidi ili yasimpite.